Marehemu wa Slivka ya Juu Anadai Kuhesabiwa

Slivka ya Juu,
mwishoni mwa Oktoba.

Ndugu Mhariri wa gazeti la wilaya,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, kama ilivyoniacha mimi. Naomba mlikumbuke hilo neno "wazima", maana ndilo lililoniketisha mezani wakati pilipili hoho zangu za msimu wa baridi zinanisubiri jikoni.

Wiki iliyopita mliandika kwamba Slivka ya Juu ina wakazi ishirini na tisa. Mkaendelea, kwa raha zenu, kwamba kijiji chenye watu chini ya thelathini hakistahili basi, kwa hiyo basi la Ijumaa litaishia Slivka ya Chini, nasi tutaunganishwa na wale wa bondeni tuwe kijiji kimoja. Ndugu Mhariri, sisi ni thelathini. Wa thelathini ni mimi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mimi si marehemu. Karani wa sensa alipofika alimwogopa mbwa wa Bibi Neda, akaona heri ahesabu kijiji kwa kusoma mageti. Mnajua wenyewe kwamba kwetu mtu akifa tangazo lake lenye picha hubandikwa getini, na kila mwaka hubandikwa jipya ili wapitao wamkumbuke. Mume wangu Metodi, Mungu amrehemu, alichukia kupigwa picha. Picha yake pekee ambayo amefumba mdomo ni ya harusi yetu, na humo nimo na mimi, nimemwekea mkono begani. Ndiyo ninayoibandika, mwaka wa sita huu. Karani akatazama, akaona sura mbili, akatuandika sote wawili marehemu, akaenda zake. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwangu. Sijui alidhani nani anachoma pilipili.

Tangu gazeti lenu litoke sina raha. Bibi Neda, jirani yangu, kila asubuhi ananipigia kelele juu ya ua: "We Zdravka! Huko ahera kumekuchaje leo? Metodi umemwona? Hebu mwulize msumeno wangu aliuweka wapi!" Muuza mkate naye ananiita mbele za watu: "Marehemu hapangi foleni, mama, pita tu." Nilipita. Hilo silalamikii.

2. Mliandika pia kwamba kijiji chetu kiko "kwenye mteremko mpole, jirani kabisa na Slivka ya Chini." Mwandishi wenu na aje alibebe gunia la unga kutoka bondeni mpaka kanisani, halafu alirudie hilo neno "mpole", ikiwa atabaki na pumzi. Kwetu boga likikuponyoka mlangoni kwa kanisa, halisimami mpaka uani kwa mtu wa Slivka ya Chini. Kila vuli tunapoteza maboga namna hiyo, nao wanayala bila haya, wanasema wameteremshiwa na Mungu.

Sasa fikirini magoti ya Bibi Neda. Dawa zake za moyo huja na basi hilo la Ijumaa. Maboga yanashuka yenyewe, lakini dawa hazipandi zenyewe. Katika barua hii nimetania hapa na pale, ila hapa sitanii. Naogopa.

3. Kuungana na Slivka ya Chini haiwezekani. Wale watu wanatia sukari kwenye pilipili za kusaga. Wanaturingia kwa taa ya barabarani ambayo haijawahi kuwaka. Halafu hawana adabu. Mchukueni huyo mmoja anayeitwa Gencho, mfuga nyuki, mgane. Mwezi uliopita boga langu liliporomoka mpaka uani kwake. Mwenzake angelila akanyamaza. Yeye akalibeba begani mlima mzima, akagonga geti langu, akavua kofia mbele ya ile picha, akasema: "Bi Zdravka, boga lako limetoroka. Nilivyoona hapa getini, nikajua nimewaletea warithi." Akacheka! Jasho linamtiririka, na bado anacheka.

4. Huyo huyo Gencho. Nimempa namba yake mwenyewe kwa sababu amezidi. Boga la pili, ambalo sikumbuki vizuri lilivyoniponyoka, alilirudisha limeshaokwa, lina asali na kokwa za jozi juu. Kuoka boga la mtu bila ruhusa yake ni wizi. Nililila lote, lisiharibike. La tatu alikuja nalo na vijiko viwili. Naiomba wilaya ijiulize: watu walioshindwa kurudisha boga likiwa bichi, wakabidhiwe basi?

5. Kama picha ukutani inatosha kumfisha mtu, basi itoshe pia kumpa mtu makazi. Kwenye kituo chetu cha basi kuna bango la mgombea mmoja, limebaki pale tangu uchaguzi ule mwingine. Anatabasamu kwenye mvua na kwenye theluji, na anatutazama kila siku, jambo ambalo wajukuu zangu walioko Hispania hawalifanyi. Mwandikeni naye mkazi. Tutakuwa thelathini na mmoja, na tutakuwa na mtu mmoja mwenye tai.

Kwa hiyo naomba msahihishe idadi, mturudishie basi, na mlifute kabisa wazo la kutuunganisha. Mwanamke wa Slivka ya Juu hashuki bondeni kwa hiari yake, na hilo mnaweza kulichapa kwa herufi kubwa.

Wasalimieni wote hapo ofisini, na yule mama wa mapokezi aliyenikatia simu. Karani wa sensa naye nisalimieni, mwambieni mbwa hana meno.

Wenu katika uhai,
Zdravka Ruseva

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani ikisubiri basi, na mambo yamebadilika. Jumapili naolewa na Gencho. Nitahamia kwake, maana nyuki hawapendi kuhamishwa, na yeye amekuwa kama wao. Kwa hiyo ishirini na tisa yenu ni sahihi. Msisahihishe kitu.

Nilimwambia Bibi Neda huku nalia, kwa sababu ni mimi ninayemnyang'anya basi lake. Akanijibu: "Nenda, mwanangu, acha kujiliza. Basi limenijia miaka yote hii, lilishawahi kuniletea asali? Dawa ataleta huyo wako. Mlima si ameshauzoea?" Gencho ameapa mbele yake kwamba kila Ijumaa atazipokea bondeni na kuzipandisha. Kaapa akiwa ameshika boga.

Kabla sijahama nimembandikia Metodi tangazo jipya. Safari hii nilichukua mkasi nikajikata kwenye picha, karani mwingine asije akakosea. Gauni limetoka vizuri, na maua, na uso wangu. Mkono tu ndio umenishinda. Ningeukata, ningemkata na bega lake. Nimeuacha pale pale ulipo.

Huo uhesabuni Slivka ya Juu.