Malalamiko Kuhusu Risasi Zangu za Mavuno Kukimbiwa Mnadani

Falls Church, Virginia

Kwa Mama Edna,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mavuno,
Usharika wetu wa Waswahili, Springfield.

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

Shikamoo, na pole kwa goti. Nimesikia uliligonga kwenye kiti Jumapili ulipokuwa ukikimbia, na ingawa uliyekuwa unamkimbia ni mimi, nimeumia kama vile goti ni langu. Naandika kwa heshima zote. Shule sikusoma sana, lakini nimeishi Dar, Nairobi, Muscat na sasa Marekani, na kote huko sijawahi kuona sadaka ya mtu ikibebwa kwa koleo la theluji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo lenu lilisema kila msharika alete malimbuko ya kazi ya mikono yake. Halikusema mikono iwe imefanya nini. Leonard alileta nanasi ambalo bado lina karatasi ya supamaketi, mkalipigia vigelegele. Mimi nilileta kopo zima la risasi za bastola ya magnum, nilizozishindilia mwenyewe nyumbani, moja baada ya nyingine. Ganda nimelisafisha mimi, baruti nimeipima mimi kwa mzani ambao sonara angeuonea wivu, risasi nimeikalisha mimi kwa mashine ya mkono mpaka bega likalia. Sasa niambie, Mama, kati yangu na Leonard nani kavuna?

2. Risasi zenyewe zina adabu. Watu walidhani ni zile za hovyo za kwenye sinema. Hizi zimevaa! Risasi ni nyembamba kuliko mtutu, kwa hiyo naivalisha kijoho cha plastiki kinachoijaza. Vinatoka pamoja, vikifika nje joho linadondoka na risasi inakwenda zake mbio, kama bwana harusi anavyovua koti ili acheze vizuri. Katika Virginia hii yote Mswahili anayeshindilia risasi za joho ni mimi peke yangu, na kama yupo mwingine basi nimemfundisha mimi. Kwaya ya vijana siku ile ilikuwa na majoho mafupi kuliko ya risasi zangu, na hakuna aliyelala chini ya kiti kwa ajili yao.

3. Kuhusu kukimbia. Nilisimama mbele kama dalali wenu, nikainua kopo, nikasema kwa ile sauti yangu mnayoijua: wapendwa, sasa risasi za magnum, nani anaanza? Nilitegemea aanze mmoja. Mlianza wote, lakini kuelekea mlangoni. Mchungaji aliingia nyuma ya ngoma akawa anatubariki kutoka huko. Dada Aketch, yule Mkenya wa meza ya chakula, alipiga kelele kwamba huyu msee anataka kutumaliza na hata pilau haijaisha, kisha akatoka na sufuria lote. Watoto wetu, ambao mwaka mzima ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, neno "risasi" walilielewa kabla ya wazazi wao. Bastola yangu ilikuwa nyumbani, imefungiwa, maana mimi si mwendawazimu. Na risasi bila bastola, Mama, ni kifungo cha shati. Lakini hakuna hata mmoja aliyefungua kopo akaona kazi. Mkalizoa kwa koleo mkalipeleka kwenye kibanda cha mashine ya kukatia majani, na huko liko mpaka leo, linalala na jembe.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mmenivua udalali mkampa Leonard. Leonard ni ndugu yangu, ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege wa Dulles nikiwa na ndala kwenye baridi, na harusi yake niliisherehesha mimi. Lakini sauti yake ni ya mtu anayeuliza choo kiko wapi hospitalini. Mwaka ule nilipokuwa na mafua alinishikia zamu kuuza jogoo, na jogoo akamzidi sauti, ikawa kama jogoo ndiye anamuuza Leonard. Nami wiki nzima niko kwenye ghala la nyama kule Bladensburg, nimefunika masikio kwa baridi, msimamizi ananielekeza kwa vidole. Nikirudi nyumbani watoto wamevaa headphones. Mnada wa mavuno ndiyo siku yangu moja ambayo ukumbi mzima unaniambia, Ombeni, sema tena! Msininyang'anye hiyo kwa ajili ya kopo.

5. Mnaniita mzembe. Mimi! Mzee Sikujua wa Bukavu alinisimamisha kwenye parking akaniambia, "Frère, unatia risasi mu kopo ya biskuti?" Nikamjibu anionyeshe nyumba moja ya kwetu ambayo kopo la bluu la biskuti lina biskuti. Kwako, Mama, lina nyuzi na sindano. Kwa Mchungaji lina vifungo. Kwangu lina risasi, na naliangalia mara tatu kabla ya kutoka. Vitu vyangu navijua hata umeme ukikatika.

Kwa hiyo naomba mnada uliokatika umaliziwe Jumapili ijayo na mimi nikiwa dalali. Kopo liwekwe meza ya mbele, kati ya mikate na maboga. Mchungaji ahubiri juu ya watu wanaokimbia kabla hawajaona. Ianzishwe Idara ya Kushindilia, nami niwe mkurugenzi bila hiana. Na kwaya ishonewe majoho ya kudondoka yenyewe mlangoni, ili wafike kwenye magari yao upesi, tuwahi barabara ya Beltway kabla haijafungwa na foleni.

Nisalimie Mchungaji na mama mchungaji, kwaya zote mbili, Dada Aketch pamoja na sufuria, Leonard (mwambie nanasi lilikuwa tamu, nililinunua mimi mnadani), na hata yule aliyeshika koleo, kwani alishika vizuri.

Wako katika shamba la Bwana, niliyeonewa lakini nacheka,

Ombeni
Dalali wa Mavuno (nimesimamishwa, sijaanguka)

N.B. Mama, nilikuwa natafuta bahasha ya barua hii, mara mke wangu Genoveva amepiga yowe jikoni. Wamekuja wageni, amefungua kopo lake la visheti, nalo la bluu kama langu, awape na chai, na amekuta risasi zangu zote, zimevaa majoho, zimetulia. Kwa hiyo mlichokimbia ni visheti. Vya maziwa na iliki. Niliona siku ile kopo jepesi, nikadhani ni baraka. Genoveva anasema basi hiyo ndiyo iwe sadaka yake, kazi ya mikono yake, na anauliza kwa nini iko na jembe. Mambo ya idara yasitishwe. Naomba mtu jasiri aingie kibandani alifungue kopo kabla unyevu haujaviharibu, na Leonard aviuze yeye, jina la Genoveva litajwe. Mimi nitakaa kiti cha nyuma kabisa nipandishe bei, maana mnunuzi naye anaruhusiwa kupiga kelele.