Nirudishiwe Mafua Yangu

Kwa Dada Muuguzi wa Chanjo,
Zahanati ya mtaani kwetu.

Shikamoo dada, maana hasira haiondoi adabu.

YAH: KUPOKONYWA UGONJWA WANGU

Mimi ni yule fundi cherehani uliyemdunga chanjo ya mafua bega la kushoto, nikapiga ukelele hadi foleni ikapungua. Nashona sare za shule, nina mume, watoto wanne na mama mkwe. Miaka kumi na moja nimekuwa na likizo moja tu kila mwaka, nayo ni mafua. Nikiugua nalala siku tano, mume anapika, mama mkwe ananiita "mwanangu". Mwaka huu mafua yameangusha mume na watoto, mimi yameniruka! Kwa unyenyekevu nalalamika:

1. Ulisema sindano ina vipande tu vya kirusi, visivyoweza kumwambukiza mtu. Yaani mwili wangu umeonyeshwa koti lisilo na mvaaji, ukachukua vipimo na kuanza kushona kingamwili. Dada, asiyekuwepo na lake halipo. Mteja asipofika mwenyewe mimi sishoni hata kifungo. Mwili wangu umejifunza wapi tabia hii?

2. Bega liliuma siku mbili. Ukasema ni kinga ya mwili imeingia kazini. Nikafurahi, nikatandika shuka safi. Siku ya tatu nikapona, shuka akazilalia paka.

3. Ulisema kingamwili huchukua kama wiki mbili kuwa tayari. Mume wangu alianza kupiga chafya siku ya ishirini. Mwanamume huyu hajawahi kuwahi popote! Hata hivyo mtaka cha mvunguni sharti ainame: nikanywa kwenye kikombe chake, nikamwomba anikoholee usoni. Wapi! Nilipiga miayo tu.

4. Mama mkwe naye ulimchanja, ukasema kinga ya wazee huwa nzito kuamka. Imeamka, naye kaamka nayo. Ananisimamia jikoni nikikoroga uji wa wagonjwa watano.

5. Ulisema mwili huweka kumbukumbu, ila mafua hubadili koti kila mwaka, ndiyo maana chanjo hurudiwa. Basi naomba uuandikie mwili wangu usahau kwa siku tano. Ikishindikana, tatu. Ikishindikana kabisa, hata kamasi tu.

Wasalimie wote hapo zahanati, pamoja na mzee wa mlangoni aliyeniokotea kiatu nilipokurupuka.

Wako mwenye afya isiyonisaidia,
Fundi Sare

Tanbihi: Nikikunja barua hii, vumbi la chaki ya kitambaa limenipanda puani, nikapiga chafya. Moja tu! Mama mkwe kaninyang'anya mkasi, mume kainuka na blanketi lake kunichemshia maji, na sasa nimelala, naitwa "mwanangu". Kumbe chafya inatosha! Mwaka jana mafua yalimlaza mama huyu hospitalini, pumzi haipandi, tukamlilia angali hai. Leo ananifokea nitulie, sauti inafika barabarani, nami nacheka chini ya shuka. Ichane barua, dada. Mwakani tuandike sote saba kwenye orodha ya chanjo, mimi wa kwanza, bega la kushoto, maana mkono wa kulia ni wa mkasi. Na habari za chaki zibaki kwako.