"Mahali Pake" ni Pa Nani?

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Nyumba Nadhifu,

Pokea salamu za bibi harusi wa wiki tano, ambaye hadi leo akisikia ufunguo mlangoni, moyo humwenda mbio. Mume wangu, mtunza ghala wa kiwanda cha rangi, ni asali wa roho yangu. Simlalamikii yeye. Nakulalamikia wewe.

Tangu alipoikata makala yako ya kupunguza makorokoro na kuibandika kwenye friji, nyumba yetu ya vyumba viwili ina amri nyingi kuliko kambi ya jeshi. Kwa heshima na taadhima, yaliyonifika ni haya:

1. Uliandika, "Kila kitu kikae mahali pake." Mpenzi wangu anasema "pake" ni pa mwenye nyumba, yaani yeye. Basi kabati zima ni pake. Nguo zangu zinaishi ndani ya beseni, uvunguni. Lakini alizikunja mwenyewe, kwa mikono ile ile iliyonivisha pete! Nililia kwa furaha.

2. "Kikiingia kimoja, kitoke kimoja." Ilipoingia redio yake, yalitoka mapazia niliyoyashona kwa mkono. Aliponiletea ua, kilitoka chombo cha maua. Nililishika ua lile siku nzima mpaka likaninyaukia kiganjani. Mapenzi matamu, Mhariri, ila mkono unakufa ganzi.

3. "Bandika jina kwenye kila kitu." Vibandiko ndiyo kazi yake huko ghalani, kwa hiyo ulimtuma mlevi kilabuni. Jumanne nilikwenda sokoni, kumbe mgongoni nina kibandiko: MKE – JIKONI. Muuza vitunguu alikisoma kwa sauti, kisha kwa huruma akanielekeza njia ya kurudi.

4. "Kilichotumika mara moja tu kitolewe baada ya wiki sita." Gauni langu la harusi limetumika mara moja. Wiki ya sita inatimia Jumamosi, na boksi lipo tayari mlangoni. Kiapo cha ndoa nacho tulikitumia mara moja. Nacho nikitafutie boksi?

Nakuomba, kabla ya Jumamosi, uchapishe masahihisho ukieleza wazi "pake" ni pa nani. Gauni langu linategemea neno hilo moja.

Nisalimie wapiga chapa wote, na mkeo, popote ulipomweka.

Mimi niliye mnyenyekevu, na sasa nadhifu,
Mke wa Mtunza Ghala

Nyongeza: Usisahihishe hata herufi moja! Nimefungua daftari langu la sarufi la kidato cha nne: "pake" haibagui mume wala mke. Toka saa nne asubuhi kila kitu kipo mahali pake. Gauni limetanda kabati zima. Mashati yake yapo kwenye beseni, na nimeyakunja kwa mapenzi. Namsikia anafungua mlango, moyo unanienda mbio, na kibandiko ninacho mkononi: MUME – UVUNGUNI.