Mistari Mia Nne ya Lynnet

Jumatatu, 3 Machi
Ofisi yetu ya Migori inafungua tawi Homa Bay na mkuu wake hajachaguliwa. Kiti changu hicho! Shida ni Lynnet. Madam Caren, bosi wetu, anamsifu kwa lile faili lake la mistari mia nne. Humo Lynnet ameorodhesha kila seva tunayokodi mtandaoni. Ukitoa amri, mashine inahakikisha kilichoandikwa kipo. Kuhusu kisichoandikwa pia alisema kitu, lakini nilikuwa nakula mandazi.

Jumanne, 4 Machi
Nimelipunguza faili. Nimekata mistari yote ya seva ambazo tayari zinafanya kazi. Nyumba ikishasimama, ramani ni ya nini? Nikatoa amri. Mashine ikaleta orodha ya mabadiliko, ndefu kuliko ya kamati ya harusi, kisha ikauliza kama nina uhakika. Dharau gani hiyo! Nikaandika ndiyo. Nikaenda kunywa chai.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Pamela, mnunuzi wa samaki kule kisiwa cha Takawiri, huagiza barafu kupitia mfumo wetu. Alipiga simu akifoka: tangu jana mfumo haupokei, mbuta wake wanaharibika, je, mimi omera, yaani ndugu yake, nitakuja kuwala? Nikamwambia ni mtandao wa kisiwani. Akauliza basi tunaongea kwa kitu gani, kwa tarumbeta?
Lynnet akafungua kumbukumbu za amri. Akakuta jina langu, Gisiri, na ile ndiyo yangu. Kumbe ukifuta mstari, mashine inafuta na seva yenyewe! Akarudisha mistari yake, akatoa amri, akasoma orodha yote huku akifuata kwa kidole, akakubali. Dakika ishirini, barafu ikaanza kuagizwa. Kreti mbili za Pamela zilikuwa zimeshaoza. Niliona aibu. Nilimpigia kuomba msamaha, akakata.

Ijumaa, 7 Machi
Homa Bay amepewa Lynnet. Mimi nimepewa adhabu: kabla ya kuandika ndiyo, nisome orodha yote kwa sauti mbele ya Madam. Leo nimesoma mara tatu. Koo limekauka kabisa, na mama anayetupikia chai ofisini ananicheka.
Lakini Gisiri si mjinga. Nimegundua kuna neno moja, ukiliongeza kwenye amri, mashine haiulizi tena kitu. Inatekeleza tu! Nimeliweka kwenye kompyuta zote za ofisi. Hata ya Lynnet, iwe zawadi ya kumuaga.