Kanga Mia, Madoa Meupe

Jumatatu, 4 Juni 1934. Marodoka.

Kosa wanalofanya watu wengi katika biashara ni kusema mno. Mimi silifanyi. Maneno ya mfanyabiashara yawe kama ya mwandika hirizi: machache, yenye nguvu. Nimeieleza hekima hii dukani hapa kisiwani leo asubuhi kwa kirefu, tangu mwanzo wake, mpaka mteja wa kwanza akaenda zake bila kununua chumvi. Si neno. Ameondoka na elimu.

Kisha bahati ikapiga hodi! Bi Hachimia anamwoza binti yake Alhamisi ya wiki ijayo. Anataka nguo za sare kwa wanawake wote wa ukoo. Mia moja! Nyeusi, zenye madoadoa meupe. Alisema "leso". Nikamsahihisha kwa upole kwamba kwa Kiswahili safi huitwa kanga. Akasema Wamalagasi nao huziita lambahoany, na jina si hoja, mradi zifanane zote, maana mawifi zake wana macho ya mwewe. Nikamweleza asili ya neno kanga. Akapiga miayo. Nikaeleza upya, polepole zaidi.

Dada yangu Kalathoumi alikuwa nyuma ya magunia, anasikiliza. Duka hili alituachia marehemu baba sote wawili, lakini ufunguo naushika mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Mgeni alipotoka, Kalathoumi akasema ana leso kuukuu ya rangi ile ile. Tukate kipande, tukipeleke bandari ya Mahajanga kwa mnunuzi wetu Bourhane, mtoto wa marehemu ndugu yetu, akione kwa macho yake.

Kipande cha kitambaa! Kana kwamba nyumba hii haina kalamu! Nikamwambia hiyo ni njia ya wasiojua kusoma. Akanijibu kwa jina langu la usomi, "Haya, Kaka Fundi. Lakini nguo zikikosekana, ufunguo huo utahamia kwangu." Nikakubali papo hapo. Aliyesoma haogopi dau.

Chakula cha mchana: taa wa nazi, yule samaki bapa mwenye mkia kama mjeledi. Mtamu ajabu.

Jumanne, 5 Juni. Hell-Ville.

Posta. Nani kasimama mlangoni? Kamardine! Mwenye duka la pili, na tena ami wa bwana harusi. Mtu huyu husoma Kifaransa juu ya mabega ya wenziwe. Kimalagasi hukisoma hata karatasi ikiwa juu chini. Lakini Kiswahili? Anajua cha kuombea dua na cha kutajia matanga, basi.

Hapo hila yangu ikazaliwa. Telegramu kwa Kiswahili!

Nikaandika ujumbe mzuri, wenye salamu, dua na maelezo. Karani akahesabu maneno, akaniangalia kwa huruma. Nikaanza kufuta. Nikafuta salamu. Nikafuta dua (Mungu anazijua). Nikafuta "nguo", maana kanga ni nguo, nani asiyejua? Kikabaki kito:

KANGA MIA NYEUSI MADOA MEUPE ZOTE SAWA HARUSI HARAKA

Karani Mfaransa akasoma kwa sauti kama mtu anayetafuna changarawe. Kamardine akanyoosha shingo, akaambulia patupu! Nikamtakia siku njema mara mbili.

Narudi, namwona Kalathoumi gatini, anaongea na Maoulida, mpishi wa meli inayokwenda Mahajanga. Wanacheka. Dada ana mkasi mkononi. Sikuuliza. Mwenye hekima hadadisi mambo ya jikoni.

Alhamisi, 7 Juni.

Jibu la Bourhane limefika. Neno moja: WAZIMA?

Nimesikitika. Sikusikitikia biashara, nimesikitikia lugha. Kijana huyu kazaliwa Mahajanga, mama yake Msakalava, Kiswahili kwake ni cha kuokota. Bila shaka anauliza kama nataka doti nzima au vipande vilivyokatwa. Swali la busara! Lakini nguo haziwi "wazima". Wazima ni watu. Wazima ni wanyama. Nguo ni nzima. Ngeli! Ngeli!

Nimemjibu: NZIMA. JIFUNZE NGELI.

Kalathoumi aliniuliza mtoto kasema nini. Nikamweleza habari za ngeli hadi adhana ya alasiri. Akasema labda neno lile lina maana yake. Nikamwambia lina makosa yake.

Jumamosi, 9 Juni.

Telegramu nyingine! WAMEPATIKANA. WANAPIGA KELELE. NIWAFUNGE?

Nimeisoma nikiwa nimekaa. Kisha nimeisoma nikiwa nimesimama. Kisha nimeisoma nikitembea kuzunguka duka. Ushindi! Maana yake ni wazi: nguo zimepatikana, na wafanyabiashara wa Mahajanga wanapiga kelele kwa wivu, kwa kuwa Bourhane kazoa zote. Anauliza kama azifunge robota. (Kasema "niwafunge". Ngeli tena. Nimemsamehe.)

Nimejibu: WAACHE WAPIGE KELELE. FUNGA SANA.

Kwa furaha nikapita dukani kwa Kamardine. Nikamkuta kajishika kichwa. Harusi ya mtoto wa nduguye imekaribia, chakula ni juu yake, na ng'ombe aliowaagiza bara bado hawajafika bandari ya Antsahampano kuvushwa. Nikampa pole. Nikamwambia shida ya watu ni kutokujua kuagiza. Nikamweleza jinsi ya kuagiza. Akaniomba niondoke.

Jumanne, 12 Juni. Gatini.

Sijui nianzie wapi.

Meli ilitia nanga asubuhi. Nikavaa kanzu ya Idi. Nikamwita Bi Hachimia aje kushuhudia. Kamardine alikuja bila kuitwa. Maoulida akashuka wa kwanza, uso umemchakaa kama hajalala tangu Mahajanga, akanishika mkono, akasema, "Fundi, mzigo wako umetuimbia njia nzima."

Nikadhani ni mzaha wa mabaharia. Kisha makuli wakaanza kuteremsha matenga. Nikajiuliza: nguo ndani ya matenga? Tenga likasema, "Kekeke-kekeke!" Tenga la pili likamjibu mwenziwe. Kichwa kidogo cha buluu kikatokeza tunduni, kikanitazama kwa jicho moja, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi.

Ndege! Kanga! Weusi! Madoa meupe! Wote sawa!

Maoulida akanieleza alivyoambiwa na Bourhane. Kijana alipoona KANGA alijua mara moja kwamba karani Mfaransa kaimeza A, maana kwa lugha ya mama yake ndege huyu ni akanga. Nyeusi, madoa meupe: ndiye yeye. Harusi: kitoweo. Zote sawa: hapo aliteseka, akiwashika mmoja mmoja na kuwapima kwa mkono. Na nilipomwambia ajifunze ngeli, alidhani ngeli ni aina ya tenga, akatafuta matenga mapya.

Nikamwambia Maoulida kosa si langu. Niliandika NYEUSI, sikuandika weusi! Niliandika ZOTE, sikuandika wote! Kila mwenye kujua ngeli angetambua kwamba nasema nguo! Nilikuwa bado naeleza, nimenyanyua kidole, mguu wangu ukagusa kamba ya tenga.

Mji mzima wa Hell-Ville umewaona. Wengine walishika njia ya soko. Wengine waliingia forodhani bila kibali. Mmoja aliruka akatua juu ya paa la posta, akakaa pale pale juu ya mlango nilioingilia na hila yangu, akalia kwa sauti kubwa. Kamardine alikaa chini, machozi yanamtoka. "Fundi Zoubeir," akasema, "hizi nguo zinavaliwa, au zinajivaa zenyewe?"

Bi Hachimia hakucheka. Alishika kiuno. Alisema mawifi zake watamla yeye kabla ya pilau. Alisema alinieleza leso kwa mdomo wake mwenyewe, na nilikuwa na kazi moja tu: kusikia.

Hapo Kalathoumi akafika. Hakunitazama. Alimsalimu Maoulida, akamuuliza habari za mkewe, akauliza mzigo wake uko wapi. Mzigo wake! Maoulida akasema upo, lakini ulilala chini ya ndege. Wakauteremsha. Robota. Akalifungua. Leso! Mia! Nyeusi, madoa meupe!

Kile kipande. Ule mkasi. Alimpa Maoulida kipande ampelekee Bourhane, na maneno ya mdomoni: leso mia kama hii. Kijana hakushangaa hata kidogo kupata maagizo mawili. Alidhani Baba Mkubwa anailisha harusi na Shangazi anaivisha.

Ni kweli leso za juu zilikuwa na madoa meupe kupita yale yaliyoagizwa. Ndege hawana adabu. Kalathoumi akamwambia Bi Hachimia azishike, azigeuze, aseme mwenyewe kama ndizo. Bi Hachimia akazishika, akazigeuza, akasema ndizo, ila zifuliwe. Kalathoumi akarudia, "Ndizo, zifuliwe, ziwe tayari kesho jioni. Nimesikia sawa?" Mambo ya kurudia-rudia! Lakini mama yule aliondoka anacheka.

Kisha dada akanyoosha kiganja. Nikauweka ufunguo.

Jumatano, 13 Juni.

Nimejilaza. Nje kamba zote za Marodoka zimejaa leso, upepo unazipiga, na kanga mmoja aliyetoroka anatembea chini yake akizitazama kama anatafuta ndugu.

Kalathoumi alikwenda kwa Kamardine. Nilimwonya: usiseme na adui! Alipofika hakueleza kitu. Alimuuliza tu anakosa nini. Kamardine akamwambia nyama. Dada akamwambia anao ndege matengani, na wengine soko zima linawakimbiza. Wakaelewana kabla kahawa haijapoa. Kamardine kampa mkono na kumwita "dada yangu wa biashara". Mimi ananiita Baba Kekeke.

Alhamisi, 14 Juni. Harusi.

Nakiri wanawake walipendeza. Mia, sawasawa, kama wamemwagwa kutoka kalibu moja. Mawifi walikagua kingo kwa vidole, wakakosa la kusema, jambo ambalo wazee hapa wanasema halijawahi kuonekana. Watu walikula kanga wa nazi, kanga wa kukaanga, mchuzi wa kanga. Kila aliyenyanyua paja alilinyanyua kuelekea kwangu, akaniuliza kama ni nzima au wazima. Nilikula sahani tatu, kwa hasira.

Maoulida alinikalia karibu. Alimpelekea Bourhane telegramu ya kisa kizima, na sasa ana jibu lake: kijana anaomba radhi kwa mambo ya ngeli. Hatakisia tena. Amempata mzee mmoja sokoni Mahajanga, muuza samaki, anayekijua Kiswahili cha kale, na kila neno nitakalotuma atampelekea yeye kwanza ampe maana yake.

Nimefarijika sana. Kumbe mtoto alihitaji mwalimu tu!

Jumatatu, 18 Juni.

Ufunguo Kalathoumi anautia kiunoni, umefungwa kwa ukambaa. Duka limejaa. Siri yake nimeichunguza kwa makini nikiwa nimekaa juu ya gunia la mchele, na sioni elimu yoyote ndani yake. Mteja akisema, ananyamaza. Akimaliza, anarudia alichosema mteja. Kisha anaonyesha kitu chenyewe na kuuliza, ndicho? Muda unapotea! Mimi ningekuwa nimekwisha waeleza wanachotaka.

Nimetafakari usiku na mchana kisa cha ndege. Nimekwisha gundua kosa. Maneno yalikuwa mengi mno! Nisingetaja weusi, nisingetaja madoa, nani angefikiri ndege? Kila neno nililoongeza lilimwongezea manyoya.

Na bahati imepiga hodi tena. Maulidi yamekaribia. Wazee wa msikiti wanataka kuangaza uwanja mzima, na Kamardine hana habari. Nikiwaletea za kuwaka kutoka Mahajanga, kubwa, za kupendeza, ufunguo utarudi kwangu wenyewe. Kalathoumi kanikataza kupita karibu na posta. Lakini sasa yuko nyuma, anawasikiliza watu.

Bourhane ana mwalimu. Mwalimu anajua Kiswahili cha kale. Njia zote za makosa zimezibwa.

Leo, Zoubeir: nenda posta kabla hawajafunga, uandike neno moja tu. TAA.