Sikukuu ya Kusugua Vyungu

Jumatatu, 7 Agosti

Amma, mama yangu, kapiga simu kutoka Kerala, India. Anauliza kama Onam hii, sikukuu yetu ya mavuno, nitakwenda. Miaka sita sasa namjibu "mwakani". Ana miaka themanini na moja. Hakulalamika. Alisema anataka tu kujua akate majani mangapi ya mgomba ya kupakulia. Nikamwambia akate na langu.

Kisha nikausoma mkataba. Mwalimu wa kigeni hapa Bhutan atapata sikukuu zote za nchi, pamoja na sikukuu mbili za kwao. Za nchi ni nyingi, ila hakuna iliyo karibu na Onam. Na nyumbani ni mwendo wa siku tatu. Ruhusa ya siku moja itanifikisha mpakani tu.

Lakini mkataba hausemi sikukuu iwe na urefu gani. Nimeusoma mara tatu. Kweli hausemi.

Jumatano, 9 Agosti

Nimepeleka ombi kwa Mwalimu Mkuu, Madam Lhadon. Nimeandika kwamba kwetu Onam hutanguliwa na Sikukuu ya Kusugua Vyungu. Siku sita. Jina lilinijia nikitazama sufuria yangu ya wali ulioungua.

Madam alisoma polepole. Akauliza mbona miaka sita hajaisikia. Nikasema ni sikukuu ya watu wanyenyekevu. Akasema basi atamuuliza Mwalimu Unni, maana ni wa huko huko.

Hilo sikulipanga. Unni anafundisha hesabu, ana miaka thelathini na miwili, na tangu afike amekalia kiti changu karibu na jiko la kuni. Imebidi nimbembeleze. Akasema, "Kaka, wewe ni mkubwa wangu. Ukisema vyungu, mimi ni nani niseme sufuria?" Alicheka kupita kiasi cha mtu anayesaidia.

Ijumaa, 11 Agosti

Unni amethibitisha. Amethibitisha mno. Kamweleza Madam kwamba tunasugua kwa majivu, tunaimba, na kwamba mkubwa ndiye huongoza.

Madam kaniita. Machozi yanamlengalenga. Anaona aibu kwamba shule imetuacha tusherehekee peke yetu miaka yote. "Safari hii hamsugui peke yenu, mwalimu," akasema. Shule nzima itashiriki, tarehe 24. Siku moja inatosha. Mimi ndiye kiongozi.

Kuhusu Onam, mmoja wetu lazima abaki kusimamia mitihani. Kwa kuwa mimi nitakuwa nimeshapata sikukuu yangu, atakwenda Unni. Nimeshukuru. Hata nimeinama.

Alhamisi, 24 Agosti

Wanafunzi mia tatu na kumi na wawili mtoni, kila mmoja na chungu chake. Majivu mpaka masikioni. Wimbo niliutunga wakati wa chai. Wazazi wamekuja wamevaa rasmi. Bibi mmoja alileta sufuria ya shaba aliyoolewa nayo. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kutowasahau wa nyumbani kwangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Madam ametangaza kwamba itakuwa kila mwaka.

Unni anaondoka kesho. Kaniuliza kama nina cha kumpelekea mama. Nimempa jibini kavu ya yaki, ng'ombe wa manyoya wa huku milimani, na anwani. 

Jumanne, 29 Agosti

Onam. Amma alipiga simu mchana, nikiwa nimetoka darasani. Unni alikuwa kwake. Jani langu alikuwa ameshalikata, hakutaka kuliacha tupu, akamkalisha yeye. "Mtoto wa watu anakula vizuri," akasema. "Nimemwongeza mchuzi mara mbili."

Akauliza kama ni kweli shule imenifanyia sherehe kubwa. Nikasema ndiyo. Akasema amefurahi, mwanangu, amefurahi sana. Alirudia hivyo hivyo mpaka simu ikakatika.

Nimekula wali na pilipili zilizopikwa kwa jibini kwenye sahani ya bati. Sikumaliza.

Jumatano, 6 Septemba

Unni karudi. Kaniletea achari ya embe ya Amma, kopo limefungwa kwa kitambaa cha sari yake ya zamani. Nikamuuliza alipataje siku kumi na mbili wakati Onam ni siku moja. Sikukuu gani aliitunga?

"Sikutunga, kaka. Nilimwambia Madam nimewakumbuka wazazi."

Sikuamini. Nikaenda kwa Madam, nikazungukazunguka, mwishowe nikauliza. Akanishangaa. Mkataba ni karatasi, akasema. "Ungeniambia una mama wa miaka themanini na moja, ningekusukuma mwenyewe garini."

Nikatoka na faili langu. Miaka sita nimekuwa nikihesabu sikukuu.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimekata shauri. Kuanzia leo ni ukweli mtupu. Nimeandika ombi jipya la mwezi Oktoba: "Madam, mama yangu ni mzee na nimemkumbuka. Naomba kwenda kumwona."

Nimelisoma. Ni kweli tupu, lakini jepesi. Mtu anaweza kulikataa huku anapiga chafya.

Nimeongeza kwamba amevunjika mguu.

Nikafikiri tena. Nimeandika miguu yote miwili.