Malalamiko Kuhusu Mikono Minne ya Kaboni

Kibokoni, Mombasa
14 Machi 1996

Kwa Mwalimu Crispus Kombe,
Darasa la Jioni la Kemia, Tudor

Mwalimu Mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, nakuandikia kuhusu posa ya binti yangu Lamis, mwenye miaka ishirini na minne, ambayo somo lako limeikwamisha tangu Jumatatu. Upande wa pili wanataka jibu kesho, Ijumaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulimfundisha kwamba atomi ya kaboni ina mikono minne, na kila mkono hushika haidrojeni moja tu. Zakariya, fundi redio aliyemposa, anaishi na mamake mjane, aitwaye Bimdogo, na dada zake watatu. Lamis alihesabu, akaniambia, "Baba, huyu mikono yote imeshikwa. Mimi nitashika wapi?"

2. Ulimfundisha pia kwamba klorini haiingii hapo mpaka haidrojeni moja itoke. Lamis aliandika hayo kuwa sharti la ndoa, na mshenga wetu, Mzee Chengo, akayasoma mbele ya Bimdogo bila kuruka neno. Bimdogo akauliza haidrojeni ni nani. Akaambiwa. Alivaa buibui lake akaja kwangu moja kwa moja: "Nimezaa, nimelea, leo naitwa hewa!"

3. Klorini, kwa mujibu wa daftari lako, hutembea mbili mbili. Moja ikiingia, ile iliyoachwa huondoka na haidrojeni iliyotolewa. Tangu nifiwe na mke wangu, tunaishi wawili tu, Lamis na mimi. Anayeachwa, basi, ni mimi. Daftari linasema kinachopatikana hapo ni asidi. Baada ya kumsikia Bimdogo, hilo silipingi.

4. Lamis anashikilia kwamba mambo haya hayatokei bila jua. Ametuagiza mimi na Bimdogo tukazungumze kule ufukweni Mama Ngina leo saa tisa, bila mwavuli.

Kwa hivyo naomba ubao upanguswe, na Lamis aandikiwe barua yenye muhuri kwamba kaboni ina mikono mitano.

Nisalimie wanafunzi wote, na bawabu.

Mimi mzazi mwenye masikitiko,
Abdulghafur Faraj

Nyongeza: Nimerudi Mama Ngina sasa hivi. Jua lilikuwa kali. Tulikula mihogo hadi magharibi. Mikono ya kaboni naomba ibaki minne. Kesho tunafunga nikaha mbili, nawe umealikwa. Bimdogo anauliza kama darasani kwako kuna wanaume watatu ambao hawajaoa. Lamis anasema jambo hili likishaanza, huendelea mpaka haidrojeni zote zitoke.